KITAMBAA KINACHOSEMA
Shona picha za ukutani kwa ajili ya mtoto wako



Itazame kanga iliyo karibu nawe. Huenda umeivaa. Huenda imeanikwa uani. Huenda mtoto amefunikwa nayo. Kanga hiyo ina sehemu tatu. Kuna pindo linaloizunguka pande zote. Kuna mji, yaani ile sehemu ya katikati. Na kuna maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Maneno hayo huitwa jina la kanga.

Watu wengi wamevaa kanga kwa miaka mingi bila kujua jina lake. Iliwabidi kumwuliza mwenye duka au mtoto wa shule. Wengine walivaa maneno ya ugomvi, wakaenda nayo arusini bila kujua. Wewe leo unaweza kuyasoma mwenyewe. Kanga inasema, nawe unaisikia.

Sasa tufikirie habari za mtoto wako. Je, pale anapolala kuna kitu kinachosema naye? Kuna picha? Kuna herufi hata moja? Katika nyumba nyingi ukuta ni mtupu. Mtoto huamka asubuhi na kuuona udongo. Hulala usiku na kuuona udongo. Siku ya kwanza anapoingia shuleni, herufi huwa ni wageni kwake.

Katika ukurasa huu tutajifunza kushona kitambaa cha ukutani. Kitakuwa na picha nne, maneno manne na jina la mtoto. Hutahitaji cherehani. Hutahitaji kitambaa kipya. Utahitaji sindano, uzi, mabaki ya nguo na uvumilivu.

KWA NINI TUSHONE HERUFI?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya mtoto. Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayeona herufi kila siku huzizoea kama anavyozoea sura za ndugu zake. Hafundishwi kwa fimbo. Anazitazama tu, anauliza, anajibiwa. Anapofika shuleni anakutana na rafiki wa zamani.

Sababu ya pili ni yako wewe mzazi. Kusoma ni kama jembe. Jembe lisilolima hushika kutu. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, kisha akakaa mwaka mzima bila kushika kitabu wala kalamu, husahau. Jambo hili limejulikana tangu zamani. Nchini Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwezi Agosti 1975 watu wazima wa nchi nzima walifanya mtihani wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mamilioni walijiandikisha kusoma. Lakini ilionekana kwamba kufaulu mtihani hakutoshi. Msomaji mpya lazima apate kitu cha kusoma, la sivyo atarudi alikotoka. Ndiyo maana yakaanzishwa magazeti ya vijijini na maktaba za vijijini.

Basi kitambaa hiki ni maktaba ndogo ya nyumbani. Ukishona herufi kwa mkono wako, hutaisahau tena. Utakuwa umeipitia polepole, mshono kwa mshono. Na kila jioni ukimfundisha mtoto, nawe unajikumbusha.

CHUMBA CHA MTOTO NI KIPI?

Huenda unasema: "Mimi sina chumba cha mtoto. Watoto wangu watatu wanalala pamoja na bibi yao." Hakuna neno. Chumba cha mtoto si lazima kiwe na mlango wake. Ni pale penye kitanda chake au mkeka wake. Ukuta wa upande huo ndio ukuta wake. Ukitundika kitambaa hapo, pona hiyo itakuwa yake, naye ataipenda na kuitunza.

Na kazi hii si ya akina mama peke yao. Pita katika barabara za miji yetu, utazame mabarazani. Mafundi cherehani wengi ni wanaume. Sindano haichagui mkono. Baba anaweza kuchora picha na kukata. Mama anaweza kushona. Kaka na dada wanaweza kutafuta mabaki ya vitambaa. Bibi anaweza kumpakata mtoto ili sindano isimchome!

VITU VINAVYOHITAJIKA

Tafuta vitu hivi kabla ya kuanza:

1. Kitambaa cha chini. Kiwe cha pamba, cha rangi moja, kisiwe na maua. Shuka kuukuu au kipande cha marekani kinafaa. Kiwe na urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 50.

2. Mabaki ya kanga, vitenge na nguo nyingine. Tafuta rangi za njano, kijani, nyekundu na buluu. Mwombe fundi cherehani. Vipande vinavyoanguka chini ya cherehani yake mara nyingi hutupwa.

3. Sindano mbili. Moja iwe nyembamba ya kushonea. Nyingine iwe na tundu kubwa, ya kushonea herufi.

4. Uzi wa kawaida, na uzi mnene wa rangi iliyokolea, kama nyeusi au nyekundu. Kama huna uzi mnene, kunja uzi wa kawaida mara mbili au mara nne.

5. Mkasi unaokata vizuri.

6. Kipande chembamba cha sabuni kavu. Hiki ni cha kuchorea. Alama ya sabuni huonekana vizuri juu ya kitambaa cha rangi iliyokolea, na hutoka ukifua. Kwa kitambaa cheupe tumia penseli, uchore kwa wepesi. Usitumie mkaa. Mkaa huchafua kitambaa na mikono.

7. Karatasi ya gazeti kwa ajili ya vielelezo. Lakini, ndugu msomaji, usilikate gazeti hili kabla hujalisoma lote!

8. Fito moja nyembamba iliyonyooka, yenye urefu wa sentimita 55.

9. Pamba safi au sufi kidogo, kiasi cha konzi moja. Sufi ni ile nyepesi inayotoka katika matunda ya msufi. Kama ni pamba ya shambani, toa mbegu zote. Usitumie manyoya yaliyotoka kwenye mbegu za kupanda. Mbegu za kupanda mara nyingi zimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ni sumu.

Kama huna rula, tumia mkono wako. Shibiri ni urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, mkono ukiwa umekunjuliwa. Shibiri ya mtu mzima ni karibu sentimita 20. Kwa hiyo sentimita 70 ni shibiri tatu na nusu. Sentimita 50 ni shibiri mbili na nusu.

KABLA YA KUKATA, FUA

Fua vitambaa vyote kwanza. Kitambaa cha pamba hurudi, yaani hupungua, kikifuliwa mara ya kwanza. Ukishona kitambaa kipya juu ya kuukuu bila kukifua, kipya kitarudi baadaye na kuvuta kile cha chini. Kazi yako yote itakunjamana.

Pima rangi pia. Lowesha kipande chenye rangi. Kiweke juu ya kitambaa cheupe, ukibonyeze kwa kiganja. Kama rangi inaingia kwenye kile cheupe, kifue kipande hicho tena peke yake. Kama bado kinatoa rangi, kiache. Tafuta kingine.

MANENO MANNE YENYE IRABU TANO

Sasa tuchague picha. Tutashona picha nne: jua, embe, samaki na boga.

Kwa nini hizi? Kwanza, kila mtoto anazijua. Pili, ni rahisi kukata. Tatu, soma maneno hayo polepole: ju-a, e-mbe, sa-ma-ki, bo-ga. Sasa tafuta irabu zake. Katika jua kuna u na a. Katika embe kuna e. Katika samaki kuna a na i. Katika boga kuna o na a. Umeona? Maneno manne yana irabu zote tano: a, e, i, o, u. Irabu hizi ndizo nguzo za kusoma Kiswahili. Mtoto anayezijua amekwisha pata mwanzo mzuri.

Hesabu herufi zote za maneno hayo. Jua lina 3, embe lina 4, samaki lina 6, boga lina 4. Jumla ni 17. Kama mtoto wako anaitwa Neema, ongeza 5. Zitakuwa 22. Ukishona herufi mbili kila siku, utamaliza kwa siku 11. Kazi haitakuchosha. Haba na haba hujaza kibaba.

HATUA YA KWANZA: PINDO

Laza kitambaa cha chini mezani au juu ya mkeka safi. Urefu uwe wa kwenda juu.

Kunja kila upande, wa kushoto na wa kulia, sentimita 2 na nusu. Kunja kwanza nusu, kisha kunja tena, ili nyuzi zisichanike. Shona kwa mkono. Chini, kunja sentimita 3, ushone hivyo hivyo. Juu, kunja sentimita 7. Kunjo hili la juu liwe kama mfuko mrefu ulio wazi pande mbili. Humo ndimo itakamopita fito.

Ukimaliza, kitambaa kitakuwa na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 45.

Angalia uzi wako. Usiukate mrefu sana. Urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko unatosha. Uzi mrefu hujisokota na kupoteza wakati wako. Piga fundo mwishoni kabla ya kuanza.

HATUA YA PILI: GAWA NAFASI

Chora mstari mwepesi chini ya lile kunjo la fito, ukiacha nafasi ya sentimita 8. Hapo juu patakaa jina la mtoto. Sehemu iliyobaki igawe mara nne, kama madirisha manne: mawili juu na mawili chini. Katika kila dirisha kutakuwa na picha moja, na neno moja chini yake.

HATUA YA TATU: KATA PICHA

Chora picha kwenye karatasi ya gazeti. Kila picha iwe na upana wa sentimita 12 hivi, kiasi cha kiganja kimoja pamoja na vidole vichache.

Jua ni duara. Geuza kikombe au bakuli dogo, ulizungushie penseli. Miale yake utaishona kwa uzi baadaye. Tumia kitambaa cha njano.

Embe ni kama yai lililopinda kidogo upande mmoja. Tumia kitambaa cha njano au chekundu. Kata jani moja la kijani uliweke juu.

Samaki ni kama jani pana lenye mkia wa pembe tatu. Tafuta kipande cha kanga chenye madoa madogo. Madoa hayo yatafanana na magamba.

Boga ni duara lililobanwa juu na chini. Tumia kijani. Kikonyo chake kiwe kipande kidogo cha kahawia. Mistari ya boga utaishona kwa uzi.

Kata vielelezo vya karatasi. Weka kila kimoja juu ya kitambaa chake. Kizungushie sabuni. Sasa kata kitambaa, lakini usikate juu ya alama. Kata nje yake, ukiacha sentimita 1 pande zote. Hiyo sentimita 1 ni ya kukunja.

HATUA YA NNE: SHONA PICHA

Kunja ile sentimita 1 kwenda nyuma. Mahali palipopinda, kama kwenye duara, kitambaa kitakataa kulala. Usikilazimishe. Kikate kidogo kidogo kwa ncha ya mkasi, bila kufika kwenye alama. Sasa kitakubali kukunjika.

Piga bandi. Yaani kishikize kwa mishono mirefu ya muda, ili kunjo lisifunguke. Kisha weka picha mahali pake juu ya kitambaa cha chini. Ishikize pia kwa mishono michache ya muda.

Sasa shona ukingo wote kwa mishono midogo midogo. Sindano itoke chini, iguse ukingo wa picha, irudi chini. Mishono ikaribiane. Mtoto atashika na kuvuta. Mshono mlegevu hautadumu.

Kwa samaki na boga, usimalize kushona. Acha mlango wa upana wa vidole viwili. Tia pamba au sufi kidogo kwa kutumia kijiti. Usijaze mno. Kisha funga mlango kwa mishono. Picha itavimba kidogo, na mtoto atafurahi kuigusa. Mwisho, fumua mishono yote ya muda.

Jicho la samaki lishone kwa uzi mweusi. Usiweke kifungo wala ushanga. Sababu yake tutaieleza baadaye.

HATUA YA TANO: SHONA HERUFI

Hii ndiyo kazi kubwa. Fanya mchana, penye mwanga mzuri. Usishonee gizani kwenye koroboi. Utaumiza macho na kujichoma vidole.

Andika herufi kwanza kwa penseli au sabuni. Urefu wa herufi ndogo uwe sentimita 3 hivi, kiasi cha vidole viwili. Tumia herufi ndogo kama zinavyofundishwa shuleni. Jina la mtoto lianze kwa herufi kubwa. Acha nafasi kati ya herufi na herufi.

Kisha simama kidogo. Linganisha herufi zako na za gazeti hili. Je, b yako imetazama upande unaofaa? Je, mkia wa j na wa g umeshuka chini ya mstari? Mwombe mtu mwingine asome. Kosa la penseli hufutika kwa dakika moja. Kosa la uzi litakaa ukutani miaka mingi, na mtoto atalijifunza kama lilivyo.

Shona kwa mshono wa mnyororo. Fuata maelezo haya:

1. Toa sindano juu, mwanzoni mwa herufi.
2. Irudishe chini pale pale ilipotoka.
3. Itokeze tena mbele kidogo, kiasi cha punje ya mchele.
4. Hakikisha uzi umepita chini ya ncha ya sindano.
5. Vuta polepole. Utapata kitanzi kidogo.
6. Sasa rudisha sindano ndani ya kitanzi hicho, uendelee.

Vitanzi vitashikana kama mnyororo wa baiskeli. Jizoeze kwanza kwenye kipande kibovu. Anza na herufi i, maana ni fupi na imenyooka. Halafu jaribu j na k. Herufi za mviringo kama a, o, e na g zije mwisho.

Kila unaposhona herufi, itaje kwa sauti. Mtoto akiwa karibu atakusikia. Huo ni mwanzo wa somo.

HATARI ZA KUEPUKA

Pambo la mtoto lisiwe mtego wa mtoto. Soma sehemu hii mara mbili.

Sindano. Zihesabu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Zichomeke kwenye kitambaa kilichokunjwa, usiziweke mkekani. Sindano moja ikikosekana, itafute mpaka uipate kabla mtoto hajalala hapo.

Vifungo na shanga. Mtoto mdogo hujua vitu kwa kinywa. Akikuta kifungo kimelegea atakitia mdomoni. Kinaweza kumkaba na kumuua. Ndiyo maana jicho la samaki ni la uzi.

Kamba. Kamba ndefu inayoning'inia inaweza kumzunguka mtoto shingoni. Kata mikia yote ya kamba iwe mifupi. Mtoto mchanga, na yule anayeanza kusimama kitandani, wasiweze kukifikia kitambaa.

Moto. Pamba na sufi hushika moto upesi. Usitundike kitambaa juu ya koroboi, mshumaa au jiko, wala karibu navyo. Kikae ukuta wa mbali na taa. Kama nyumba yenu ina taa ya umeme wa jua, hatari hiyo imepungua.

Chandarua. Usikate chandarua kwa ajili ya mapambo, na usishone picha juu yake. Mbu wanaoeneza malaria huuma hasa usiku, na tundu dogo linawatosha kupita. Kitambaa kizito kikishikizwa kwenye chandarua hukivuta na kukichana. Tundika pambo ukutani, ukiacha nafasi ya kuchomeka chandarua vizuri chini ya godoro au mkeka.

Magunia ya dawa na mbolea. Usitumie mfuko wowote uliobeba dawa za shambani, hata kama ni mzuri na umeufua. Sumu haionekani kwa macho.

NAMNA YA KUKITUNDIKA

Pitisha fito ndani ya lile kunjo la juu. Funga kamba fupi ya katani kwenye ncha zake mbili. Pigilia misumari miwili ukutani, mmoja kila upande, uitundike fito ilale sawa. Kama ukuta wa udongo unabomoka, pigilia misumari kwenye nguzo au kwenye boriti.

Kwa mtoto mchanga, kitambaa kiwe juu, akione lakini asikishike. Akifika miaka minne hivi, kishushe mpaka kiwe sawa na macho yake. Sasa ni wakati wake wa kugusa na kufuata herufi kwa kidole.

NAMNA YA KUKITUMIA

Kitambaa peke yake hakifundishi. Mwalimu ni wewe. Dakika tano kila jioni zinatosha.

Mtoto wa miaka miwili au mitatu, mwulize picha tu. "Hiki ni nini?" Akisema "Tamaki!" usimcheke. Wewe sema tu, "Ndiyo, samaki." Atasahihika mwenyewe. Kisha mwambie habari za samaki. Anaishi wapi? Nani amemvua? Hapo anajifunza kusema.

Mtoto wa miaka minne au mitano, mwonyeshe jina lake. Hakuna neno analolipenda mtu kama jina lake mwenyewe. Shika kidole chake, akipitishe juu ya herufi ya kwanza. Ule uzi ulioinuka utamwongoza. Siku nyingine mwambie, "Nitafutie a." Kwenye picha zetu atazipata a nne: moja katika jua, mbili katika samaki, moja katika boga. Amejifunza herufi, na amejifunza kuhesabu.

Mtoto anayekaribia kuanza shule, mpe kijiti aandike mchangani maneno yaliyo ukutani. Mchanga haumaliziki kama daftari.

Siku hizi picha zipo hata ndani ya simu. Lakini simu huenda sokoni na baba, na huzimika chaji ikiisha. Kitambaa kinabaki nyumbani. Ni mali ya mtoto. Anaweza kukitazama asubuhi, mchana na jioni bila kumwomba mtu.

KUKITUNZA

Kikung'ute nje kila wiki. Kabla ya kukishika, tazama nyuma yake. Nge, buibui na kunguni hupenda kujificha nyuma ya kitu kilichotundikwa. Ukiona njia ya mchwa ukutani, kihamishe upesi.

Kifue kila baada ya miezi miwili, au mapema kama nyumba ina vumbi au moshi mwingi. Toa fito kwanza. Fua kwa sabuni na maji ya baridi, usikikamue kwa nguvu. Kianike. Hakikisha pamba iliyo ndani imekauka kabisa kabla ya kukirudisha, la sivyo itaota ukungu na kunuka. Mshono ukilegea, urudie siku hiyo hiyo.

TUKISHIRIKIANA

Kazi hii hunoga ikifanywa na wengi. Darasa la kisomo au kikundi cha akina mama kinaweza kushona pamoja mara moja kwa juma. Mmoja ana kitambaa cha njano, mwingine ana mkasi. Kila mmoja ashone maneno tofauti. Mwenzako akichagua kuku, nyota, mti na kiti, basi watoto wanaweza kubadilishana vitambaa kila mwezi. Mkiwa kumi, watoto wenu watakuwa na maneno arobaini ya kusoma. Mnaweza pia kukishonea kimoja kikubwa darasa la watoto wadogo kijijini kwenu.

Inasimuliwa kwamba hata kanga yenyewe ilianza kwa kushona vipande. Zamani za karne ya 19, wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki walinunua leso za vitambaa zikiwa hazijakatwa. Walizikata tatu tatu, wakaziunganisha kwa sindano zikawa nguo moja ya kujifunika. Mpaka leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Maneno yaliandikwa juu yake baadaye. Wale wanawake walishona nguo. Wewe leo unashona nguo na maneno pia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo hii tafuta kipande cha shuka na ukifue. Kesho kata pindo. Baada ya majuma mawili, mtoto wako ataamka asubuhi, atazame ukuta, na ukuta utamtaja kwa jina.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kuna herufi au picha mahali anapolala mtoto wako? Ni zipi?
2. Kwa nini ni lazima kufua vitambaa kabla ya kuvikata?
3. Taja hatari nne za kuepuka unapotengeneza pambo la mtoto.
4. Tafuta maneno mengine manne mafupi yenye irabu zote tano. Yaandike katika daftari lako.
5. Soma jina la kanga moja iliyo nyumbani kwako. Linasema nini, na lina maana gani?